Kasoro, Udhaifu na Mwanya: Dhana ya Usalama katika Programu za Kompyuta na Mifumo ya Kudhibiti Mitambo

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita katika majina ya vitu. Wataalamu wamebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na kila upande umetoa hoja zake. Mjadala huo una manufaa, lakini athari zake kwa maarifa ni ndogo, kwa kuwa anayesema kompyuta na anayesema tarakilishi wanaweza kukinyooshea kidole kitu kile kile. Majina ya hali hayana msaada huo. Hali haionekani kwa macho. Hujulikana kwa mipaka ya neno linaloitaja, na mipaka hiyo ikivurugika, fikra nazo huvurugika.

Makala hii inachunguza kundi moja la majina ya hali, yaani maneno yanayotumiwa kueleza namna programu ya kompyuta inavyoweza kugeuzwa dhidi ya mwenyewe. Katika maandishi ya Kiswahili, maneno kosa, kasoro, hitilafu, udhaifu, mwanya, tishio na hatari aghalabu hupokezana nafasi kana kwamba ni visawe. Juu ya yote kuna neno usalama, ambalo hubeba dhana mbili zinazotofautiana. Inadaiwa hapa kwamba mkanganyiko huo si suala la mtindo tu. Katika mifumo inayoendesha pampu za maji, vituo vya umeme na viwanda vya kemikali, anayeshindwa kutofautisha dhana hizi hushindwa pia kuamua la kufanya. Ili kuthibitisha dai hilo, makala itapitia matukio kadhaa yanayojulikana, kisha itapendekeza mgawanyo wa istilahi kwa kutumia maneno ambayo tayari yamo katika lugha.

2.0 Kutoka Kosa Hadi Udhaifu

2.1 Kosa, Kasoro na Hitilafu

Kosa hutendwa na mtu. Mwandishi wa programu akisahau jambo au akielewa vibaya matakwa ya kazi, amekosea. Kinachobaki ndani ya programu baada ya kosa hilo ni kasoro. Kasoro inaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana, kwa kuwa huzinduka pale tu masharti fulani yanapotimia. Inapozinduka mashine ikafanya kinyume cha ilivyotarajiwa, kinachoonekana ni hitilafu. Kwa hiyo kosa ni la mtu, kasoro ni ya kitu, na hitilafu ni ya tukio.

Mfano mashuhuri ni wa Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine hiyo iliwapiga wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kipimo cha mionzi kilichozidi mno kile kilichokusudiwa, na baadhi yao walifariki. Mojawapo ya kasoro zilizogunduliwa ilizinduka pale mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maagizo kwenye skrini kwa haraka kuliko programu ilivyoweza kufuatilia. Jambo la kuzingatia ni kwamba kasoro hiyo hiyo ilikuwamo katika programu ya mashine iliyotangulia, Therac-20. Huko haikumdhuru mtu, kwa sababu mashine ile ilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyokataa kutoa mionzi hali isipokuwa sawa. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, na kazi yake ikakabidhiwa programu.

Hapa palikuwa na kosa, kasoro, hitilafu na maafa, lakini hapakuwa na adui. Hakuna aliyekusudia madhara yale. Maelezo yake yote yanakamilika bila neno shambulio.

2.2 Udhaifu

Dhana ya udhaifu huingia pale panapozingatiwa uwezekano wa mtu mwenye nia. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyokuwa ikijinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilisambaa katika intaneti ya wakati huo, na inakadiriwa kuwa iliziathiri kompyuta zipatazo 6,000. Mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma ndogo iliyojibu maswali kuhusu watumiaji wa kompyuta. Huduma hiyo ilitenga nafasi ya baiti 512 katika kumbukumbu kwa ajili ya kupokea swali, lakini haikupima urefu wa swali lenyewe. Swali lililotumwa lilikuwa na baiti 536. Ziada hiyo ilifurika hadi sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi anwani ya kurejea, yaani mahali ambapo kompyuta itaendelea na kazi baada ya kumaliza kipengele kimoja. Anwani hiyo ilipobadilishwa, kompyuta ilirejea mahali alipopachagua mshambuliaji na kuyatii maagizo yaliyokuwa ndani ya swali.

Kwa mtumiaji wa kawaida, kasoro hii ilikuwa si kitu. Hakuna mtu mwenye shughuli ya kweli ambaye angeuliza swali lenye urefu wa aina hiyo. Kasoro iligeuka udhaifu kwa sababu alikuwapo mtu aliyeuliza si jinsi programu inavyotumiwa, bali jinsi inavyoweza kulazimishwa. Udhaifu, basi, ni sifa ya mfumo inayomwezesha mtu kuufanya utende jambo ambalo mwenyewe hakuliruhusu. Si kila kasoro ni udhaifu: nyingi huharibu kazi bila kumpa adui chochote. Aidha, kama itakavyoonyeshwa, si kila udhaifu ni kasoro.

3.0 Udhaifu Usiokuwa Kasoro

3.1 Kidhibiti Kinachotii

Mitambo mikubwa ya leo huendeshwa na vidhibiti, yaani kompyuta ndogo zilizounganishwa na vipimajoto, vipimashinikizo, mota na valvu. Kidhibiti husoma vipimo, hulinganisha na maagizo yaliyopangwa na mhandisi, kisha hufungua au hufunga, huwasha au huzima. Hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde, mchana na usiku, pengine kwa miaka 20 au zaidi. Vidhibiti vya namna hii vilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ilitoa kanuni za mawasiliano ziitwazo Modbus, ambazo zingali zinatumika katika viwanda vingi duniani.

Katika kanuni hizo za awali hakuna mahali pa kumtambua mtumaji. Kidhibiti kikipokea agizo lenye muundo sahihi la kuandika thamani fulani, hutii. Hakiulizi agizo limetoka kwa nani wala kama ana ruhusa. Je, hiyo ni kasoro? Kwa maana iliyotolewa hapo juu, sivyo. Hakuna aliyekosea. Programu inafanya kile hasa ilichoundwa kufanya, na mwaka 1979 ilikuwa busara kuifanya hivyo, kwani waya wenyewe ulianzia na kuishia ndani ya ukuta wa kiwanda. Aliyeweza kutuma agizo alikuwa amekwisha kupita mlinzi wa getini. Hata hivyo udhaifu ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni njia ya kuufikia.

3.2 Mwanya

Njia hiyo ndiyo inayoitwa mwanya katika makala hii. Udhaifu umo ndani ya kitu. Mwanya ni uhusiano baina ya kitu na anayekitaka. Kiwanda kilipounganishwa na ofisi ili meneja asome takwimu za uzalishaji, na ofisi ilipounganishwa na intaneti, vidhibiti havikubadilika hata kidogo. Udhaifu ulibaki ule ule, bali mwanya ulifunguliwa.

Tukio la Maroochy, katika jimbo la Queensland nchini Australia, linafafanua jambo hili. Mapema mwaka 2000 vituo vya kusukuma majitaka vya wilaya hiyo vilianza kwenda kombo: pampu hazikufanya kazi zilipotakiwa, na kengele za tahadhari hazikufika makao makuu. Takriban lita 800,000 za majitaka zilimwagika katika mito, bustani za umma na viwanja vya hoteli. Baadaye ilibainika kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mfumo ule alikuwa akituma maagizo kwa redio, na mwaka 2001 alihukumiwa kifungo. Mfumo haukuvunjwa, uliagizwa, nao ukatii.

Kwa mtafiti wa lugha, somo kubwa zaidi la Maroochy ni kwamba hapo mwanzo wahandisi walilitafsiri jambo hilo kuwa hitilafu. Mfumo ulikuwa mpya, na ilikuwa kawaida kudhani kwamba ufungaji wake haujakamilika vizuri. Walitafuta kasoro katika mitambo kumbe walihitaji kumtafuta mtu. Neno walilolitumia kuliita jambo lile ndilo lililoelekeza mikono yao.

3.3 Mwanya Usioonekana

Huweza kudhaniwa kwamba mtambo usiounganishwa na intaneti hauna mwanya. Dhana hiyo ilidhoofishwa na Stuxnet, programu iliyogunduliwa mwezi Juni 2010 na ambayo shabaha yake ilikuwa kituo cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran. Stuxnet iliweza kusafiri kwa flashi. Ilitumia udhaifu nne wa Windows ambao haukuwa umejulikana hadharani, pamoja na nenosiri lililopachikwa ndani ya programu ya Siemens na ambalo wateja walishauriwa wasilibadilishe, kwa kuwa kulibadilisha kungeweza kuvuruga mfumo. Ilipofika kwenye vidhibiti vyenye sifa zilizotafutwa, ilibadilisha masafa ya umeme unaoendesha mitungi ya kutenganisha urani: ikayapandisha hadi mizunguko 1,410 kwa sekunde, ikayashusha hadi 2, kisha ikayarudisha 1,064. Sehemu nyingine ya programu hiyo ilikuwa na uwezo wa kurekodi vipimo vya hali ya kawaida na kuvirudia, ili anayetazama skrini aone mambo ni shwari.

Hapa aina mbili za udhaifu zimeshirikiana. Udhaifu wa Windows ulitokana na kasoro, na uliweza kuzibwa kwa kiraka. Utiifu wa kidhibiti kwa maagizo ya kubadilisha kasi haukuwa kasoro, na hakuna kiraka cha kuondoa utiifu bila kuondoa kazi yenyewe. Hali kadhalika ilidhihirika nchini Ukraine tarehe 23 Desemba 2015, wakati umeme ulipokatwa kwa wateja wapatao 225,000 wa kampuni tatu. Washambuliaji waliingia kwanza kwa barua pepe za hila, wakakusanya manenosiri, kisha wakafungua swichi kubwa za vituo kwa kutumia skrini zile zile wanazotumia waendeshaji. Umeme ulirejeshwa baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kuzifunga swichi kwa mikono.

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ina ukweli hapa, lakini kwa sharti. Methali hiyo hudhani kwamba mwenye nyumba anauona ufa, na kwamba kuuziba hakumlazimu kuhama. Kiwanda cha kemikali hakiwezi kusimamishwa kila kiraka kinapotolewa, kwani kukizima na kukiwasha upya ni kazi ya siku kadhaa na yenye hatari zake. Ndiyo maana katika mitambo juhudi huelekezwa zaidi katika kuubana mwanya: kutenganisha mitandao, kuweka njia moja tu ya kuingilia na kuilinda, na kudumisha uwezo wa kuendesha kwa mikono. Asiyetofautisha udhaifu na mwanya hawezi kuielewa busara ya mpango huo.

4.0 Neno Moja, Dhana Mbili

4.1 Usalama wa Aina Mbili

Maandishi ya Kiingereza hutenga safety na security. La kwanza humlinda mtu na mazingira dhidi ya mashine. La pili huilinda mashine dhidi ya mtu. Kiswahili huyaita yote mawili usalama. Katika Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi hushughulikia dhana ya kwanza, na Idara ya Usalama wa Taifa hushughulikia ya pili. Hakuna mzungumzaji anayezichanganya, kwa kuwa muktadha humwongoza.

Inafaa kuangalia asili ya neno hili. Kiarabu, ambako shina salama limetoka, hutenga dhana hizo kwa mashina mawili: salama kwa kukingika na ajali, na amni kwa kukingika na adui. Kiswahili kiliyachukua mashina yote mawili, lakini la pili likaelekea kwingine, likatupa amani, amana, imani na amini. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na usalama. Wala Kiswahili hakiko peke yake: Kijerumani nacho kina neno moja, Sicherheit, na wahandisi wake hulazimika kuongeza maneno mengine ili kutenga. Kwa hiyo jambo hili si ufukara wa lugha. Ni suala la kuamua pale ambapo muktadha hautoshi.

4.2 Pale Muktadha Usipotosha

Muktadha hautoshi pale dhana mbili zinapokutana katika kitu kimoja na kugombana. Mfano mwepesi ni mlango wenye kufuli la umeme. Umeme ukikatika, mlango ufunguke au ubaki umefungwa? Usalama wa watu walio ndani wakati wa moto wataka ufunguke. Usalama wa mali wataka ubaki umefungwa. Mwongozo unaosema tu kwamba mlango uzingatie usalama haujasema kitu.

Mfano mzito ni wa mwaka 2017 katika kiwanda kimoja cha petrokemikali nchini Saudi Arabia. Viwanda vya aina hiyo huwa na mfumo wa pekee, uliotengwa na ule wa uendeshaji, ambao kazi yake ni moja: kuzima mtambo shinikizo au joto linapovuka kiwango, kabla haujatokea mlipuko au kuvuja kwa gesi. Katika kiwanda hicho kilitumika kidhibiti cha Triconex, ambacho huwa na vichakataji vitatu vinavyofanya hesabu ile ile na kupiga kura, ili kimoja kikiharibika viwili vingine viamue. Ni kazi ya hali ya juu ya usalama, kwa maana ya kwanza ya neno hilo.

Washambuliaji walifika hadi kwenye kompyuta ya wahandisi iliyounganishwa na kidhibiti hicho, wakapandikiza programu ambayo baadaye iliitwa Triton. Kidhibiti kina ufunguo wa chuma wenye nafasi kadhaa, na nafasi mojawapo huruhusu kubadilishwa kwa programu yake. Ufunguo ulikuwa umeachwa katika nafasi hiyo. Huo ndio uliokuwa mwanya. Kilichookoa kiwanda ni kwamba programu iliyopandikizwa ilisababisha vichakataji visiafikiane vilipohakikiana, na kidhibiti kikauzima mtambo kwa utaratibu uliopangwa. Hapo ndipo uchunguzi ulipoanza.

Tukio hili linaonyesha umuhimu wa kutenga dhana. Vichakataji vitatu ni kinga madhubuti dhidi ya uchakavu na bahati mbaya, kwa sababu si rahisi viwili viharibike kwa namna moja kwa wakati mmoja. Dhidi ya mtu mwenye nia, hesabu hiyo haina uzito ule ule, kwani anayeweza kubadilisha kimoja huweza kujaribu kubadilisha vyote. Ajali haijifunzi, adui hujifunza. Mhandisi anayesoma kwamba kidhibiti kimethibitishwa kuwa na usalama wa daraja la juu, akadhani kuwa neno hilo linajumuisha maana zote mbili, atauacha ufunguo mahali ulipo bila wasiwasi.

5.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, mgawanyo ufuatao unapendekezwa kwa maandishi ya kitaaluma na miongozo ya kazi:

(a) Kosa: tendo la mtu katika kubuni, kuandika au kuendesha.
(b) Kasoro: alama ya kosa iliyobaki ndani ya programu au chombo.
(c) Hitilafu: tukio la mfumo kwenda kinyume cha matarajio.
(d) Udhaifu: sifa ya mfumo, iwe imetokana na kasoro au na ubunifu wa makusudi, inayomwezesha mtu kuulazimisha utende lisiloruhusiwa.
(e) Mwanya: njia inayomfikisha mtu kwenye udhaifu.
(f) Shambulio: tendo la makusudi la kuutumia udhaifu kupitia mwanya.
(g) Usalama: hali ya watu na mazingira kutodhurika.
(h) Ulinzi: hatua zinazochukuliwa dhidi ya mwenye nia mbaya.

Ulinzi unapendekezwa kwa sababu tatu. Kwanza, kitenzi linda na nomino mlinzi hudokeza kuwapo kwa anayelindwa na anayeogopwa. Pili, neno limekwisha kutumika katika sheria: Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Tatu, lina uzazi wa kutosha, kwani hutoa mlinzi, kilindwa na kulindika bila kukiuka kanuni za uambishaji.

Pingamizi moja ni kwamba usalama wa mtandao limekwisha kuenea na haliwezi kuondolewa. Pingamizi hilo ni la haki, na makala haipendekezi kuliondoa. Panapohusika mtandao wa benki au wa ofisi, maana moja tu ndiyo inayokusudiwa na msomaji hapotei. Utengano unahitajika pale ambapo programu inaweza kufungua valvu. Pingamizi la pili ni kwamba hatari nalo lina tatizo hilo hilo, kwa kuwa hutaja chanzo cha madhara na pia uwezekano wa madhara hayo kutokea. Hilo ni kweli, na linastahili uchunguzi wake wenyewe.

6.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa programu haueleweki kwa kuorodhesha kasoro zake tu. Therac-25 ilikuwa na kasoro bila adui. Vidhibiti vya Maroochy na Ukraine vilikuwa na adui, lakini vilitii maagizo kama vilivyoundwa. Kidhibiti cha Saudi Arabia kilikuwa imara dhidi ya ajali na dhaifu dhidi ya ufunguo uliosahauliwa. Kila tukio lilihitaji swali tofauti, na kila swali lilihitaji neno lake.

Wanafunzi wengi wanaofundishwa ufundi na mitambo katika Afrika Mashariki hujifunza kwa Kiingereza lakini huelekezana kazini kwa Kiswahili. Zamu ya usiku pampu ikisimama bila sababu, fundi atamwarifu mwenzake kwa neno moja. Akisema hitilafu, mwenzake atachukua spana. Akisema huenda ni shambulio, mwenzake atachomoa waya wa mtandao kwanza na kuendesha kwa mikono. Wajibu wa wanaistilahi ni kuhakikisha kwamba maneno yote mawili yapo, na kwamba fundi huyo anajua wakati wa kutumia kila moja.